Kama Ni Sawa, Tubadilishane Sahani

Chiwata, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Salome,

Mama yako amekwisha kukuagiza yote, nami sitaongeza. Namna ya kufunga mzigo, nani wa kumwamkia kwanza ukishuka Kitangari, wapi pa kukaa mkweo akiwa jikoni, hayo umeambiwa, ukaambiwa tena, na ninavyomjua mama yako, kesho atakuambia mara ya mwisho kupitia dirishani basi likiwa limeshaanza kutembea. Mimi nimekaa barazani na kalamu yangu. Uani nasikia kinu. Yule jogoo mwekundu, aliyekuwa akinijibu kila nikipaza sauti kana kwamba tuko kwenye mdahalo, leo amenyamaza. Ameshanyonyolewa. Amechinjwa kwa ajili yako.

Nataka kukuandikia habari ya maharage na nyama.

Najua umecheka. Umesema moyoni, Baba haachi. Siku kama ya leo baba wengine huwaandikia binti zao juu ya uvumilivu na unyenyekevu. Mimi sina haja. Uvumilivu unao, tena umezidi, na huo ndio unaoninyima raha tangu wiki iliyopita, pale muuguzi wa kliniki kule Masasi alipokuvuta kope ya chini kwa kidole, akatazama, kisha akakupima na kusema damu yako ni ndogo. Wewe ulisema ni uchovu tu. Mama yako akasema ni jua la siku hizi. Muuguzi hakubishana na yeyote. Alikupa vidonge, akakueleza vya kula, na akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba mwanamke asiende kujifungua akiwa na damu ya namna ile.

Miezi yote hii mumeo Festo amekuwa juu mlimani, akifundisha kule Kitangari, na wewe huku chini ukimalizia mkataba wako wa kufundisha chekechea. Sasa mkataba umekwisha, mimba inaonekana, na mahali pako ni kwa mumeo. Sina ugomvi na hilo. Festo ni kijana mwema, na nyumba ya mama yake ni nyumba ya watu. Lakini unakwenda kukaa ugenini, mkwe mgeni, mwenye haya, mwenye damu ndogo, na mimba yako ya kwanza. Mkwe mgeni hula mwisho. Mkwe mgeni akiulizwa kama ameshiba husema ameshiba. Nakujua, Salome. Utasema umeshiba hata kabla hujaulizwa.

Na aliyekufundisha kusema hivyo ni mimi.

Wewe umekua ukisikia nikiyapigania maharage. Ninaposema maharage nataja ukoo mzima: mbaazi zetu, kunde, choroko, njugu mawe, na hayo maharage yenyewe yanayotuletea malori kutoka Songea. Nilipokuwa kijana nimeanza tu kufundisha, nilikasirishwa na maneno mawili: nyama ya maskini. Mtu anapika mbaazi zake kwa nazi, zimeiva, zinanukia hadi barabarani, mgeni akipita, mwenye chungu anaomba radhi: samahani, leo tuna nyama ya maskini. Nikasema hapana. Nikaandika magazetini, nikabishana misibani, nikabishana harusini, nikambishia padri wetu wa Kianglikana mbele ya mke wake. Nilisoma kila kitabu cha lishe nilichoweza kukiazima, na kila nilichosoma nilikigeuza rungu.

Na bado nasema, mwanangu, hoja zangu nyingi zilikuwa za kweli. Mbaazi zinajenga mwili kama nyama ijengavyo. Zina kitu ambacho nyama haina hata chembe, zile nyuzinyuzi zinazosafisha tumbo na kuufanya mtu akae na shibe hadi jioni. Zina ile vitamini ya kundi B, foleti, ambayo mtoto aliye tumboni anaihitaji tangu siku za mwanzo kabisa. Hazina mafuta ya kuziba mishipa. Na ukizila kwa ugali, kile kinachopungua kwenye kunde kimo kwenye mahindi, na kinachopungua kwenye mahindi kimo kwenye kunde. Wazee wetu hawakuvioanisha kwa bahati mbaya. Mtu akikwambia huko uendako kwamba maharage ni chakula cha waliokosa, usimkubalie. Nitakuwa mbali, lakini nitajua.

Utaikumbuka sikukuu ya mavuno. Ulikuwa mdogo, lakini nina hakika unaikumbuka, maana kijiji hakijasahau. Nilisimama kwenye baraza la kanisa nikasema mwaka huo tusichinje mbuzi, tupike mbaazi na kunde, tuwalishe watu wote washibe badala ya kuwalisha wazee nyama na watoto harufu. Nilisema kwa muda mrefu kiasi kwamba walikubali ili waende nyumbani. Mbaazi zikapikwa kwa masufuria makubwa, watu wakala wakashiba, wakaomba tena, na hakuna aliyenishukuru. Tangu hapo hadi leo, nyumba isiyo na kitoweo cha nyama, mwenye nyumba husema, “Leo kwetu ni sikukuu ya Mwalimu.” Mama yako mwenyewe husema. Nimemsikia.

Sasa nikueleze nilipodanganya.

Katika makala zangu nilipenda kuandika kwamba ukipima maharage na nyama kwenye mizani, maharage hayashindwi. Na kweli hayashindwi, yakiwa makavu. Nilichukua maharage makavu, magumu kama changarawe, nikayalinganisha na nyama mbichi yenye maji yake. Lakini nani anakula maharage makavu? Yakiiva yamekunywa maji, yamevimba, na bakuli moja la maharage haliwezi kushindana na bakuli moja la nyama katika kujenga mwili. Itabidi ule zaidi, na mtu mwenye mimba, ambaye tumbo limebanwa, hawezi kula zaidi. Nililijua hilo. Nililiruka, kwa sababu nilitaka kushinda. Mtu mbishi, mwanangu, ana ugonjwa huo: akishapata hoja nzuri haitazami tena upande wa nyuma.

Aliyenitazamisha upande wa nyuma ni mkweo. Hujawahi kuisikia habari hii kwa ukamilifu, kwa sababu kila mmoja wetu huisimulia kwa namna inayompendeza. Nilialikwa Kitangari kwenye mkutano wa wazazi, kuzungumzia chakula cha mchana shuleni. Festo wakati huo alikuwa mwanafunzi pale, kaptula yake imepasuka. Nilipanda huko na karatasi zangu, nikahutubia. Nikasema kila mtoto apate maharage kila siku, na mzazi anayesema haiwezekani ni mvivu. Nilitumia neno hilo, mvivu, mbele ya wanawake waliokuwa wameamka gizani kufuata maji bondeni.

Akasimama mwanamke mmoja, mrefu, kitambaa cha njano kichwani. Akaniamkia kwa adabu zote, akaniuliza habari za huku chini, za nyumba, za watoto. Nikadhani ananiunga mkono. Kisha akasema, “Mwalimu, maharage yako yanakunywa maji kuliko ng'ombe. Njoo utuchotee, sisi tutayapika.”

Watu walicheka hadi mwenyekiti akashindwa kuendesha kikao. Nilijibu, bila shaka. Nilisema yalowekwe usiku kucha, yataiva upesi, maji na kuni zitapungua. Akasema na hayo ya kuloweka yatoke wapi, mate? Tukaendelea hivyo hadi mkutano ukageuka kuwa wetu wawili. Sikukubali kushindwa siku ile, na ukimuuliza yeye atakwambia hakumaliza kunipiga. Lakini nilipokuwa nashuka mlima niliwaza. Mimi nakaa ambapo maji yapo. Kwa mtu wa juu, chungu cha maharage ni safari ya bondeni na mzigo wa kuni, na dagaa au kuku huiva kabla ya hapo. Nilikuwa nimelinganisha vyakula viwili kana kwamba vinapikwa hewani. Chakula hakiko kitabuni tu. Kina maji, kina moto, kina mgongo wa mtu aliyekibeba. Ukipika maharage kule juu, ujue umetumia mgongo wa nani, na kama mgongo huo ni wako na una mimba, basi uchague dagaa siku hiyo wala usione haya kwa ajili ya baba yako.

Miaka ikapita, Festo akaja kuposa, nami nikamwona nani ameketi kwenye mkeka wa wageni na kitambaa cha njano? Alinitazama akaniuliza kama siku hiyo wageni watakula sikukuu ya Mwalimu. Maneno yale yamefika hadi Kitangari.

Lakini Mama Festo hakuwa mpinzani wangu mkali kuliko wote. Mpinzani wangu mkali ulikuwa wewe, ukiwa darasa la nne.

Siku hiyo tulikuwa na mgeni, mwalimu mwenzangu. Mama yako alipika kuku, na kwa kuwa kuku mmoja hatoshi watu, akapika na kunde. Unajua jinsi nyumba yetu ilivyokuwa ikigawa, kama nyumba nyingine zote za hapa. Paja na kidari huja barazani kwa mgeni na kwangu. Firigisi ni ya baba, hiyo haiulizwi, hata baba akiwa safarini huwekwa. Shingo, mgongo na miguu hubaki jikoni kwa bibi yako, na mama yako na watoto hupata mchuzi juu ya kunde. Hakuna aliyetunga sheria hiyo kwa ubaya. Tulizaliwa tukaikuta, kama tulivyoukuta mlima.

Nami, huku firigisi ikiwa mdomoni, nilikuwa nikimsomea mgeni makala yangu mpya. Nikasoma kwamba hakuna tofauti kati ya mtoto aliyelelewa kwa kunde na mtoto aliyelelewa kwa nyama. Ulikuwa umeleta maji ya kunawa. Ulisimama na birika lako, ukasikiliza hadi mwisho wa aya, ukasema kwa upole kabisa, bila kuinua uso, “Baba, kama ni sawa, tubadilishane sahani.”

Mgeni alicheka hadi akapaliwa. Mama yako alitoka jikoni mbio akakushika sikio. Mimi nilisema mtoto hasemi hivyo mbele ya wageni. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu, mimi niliyekuwa na jibu kwa padri na kwa mwenyekiti na kwa gazeti. Mtoto hasemi hivyo mbele ya wageni. Nilimaliza paja langu, Salome. Nakumbuka kwamba nililimaliza.

Hukusema tena. Na kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko sikio lako: nilianza kukusifu. Kila akija mtu nilisema, huyu binti yangu hana makuu, mpe mchuzi tu anaridhika. Watu wakasema amelelewa. Ukajifunza kwamba sifa hupatikana kwa kutotaka. Ukawa unasogeza kipande chako kwa mwingine kabla hakijapoa. Nilifikiri ni tabia njema, na kwa mtu aliyeshiba ni tabia njema.

Mwaka uliofuata akazaliwa Yohana. Hilo unalikumbuka kwa upande wako, kwamba ulilala kwa bibi yako na hukuambiwa kitu. Upande wangu ni huu. Mama yako alijifungua salama, kisha damu ikatoka zaidi ya kawaida, na ile aliyokuwa nayo ilikuwa kidogo tangu mwanzo. Watu wa hospitali walimshughulikia kwa juhudi zote, Mungu awabariki, lakini walihitaji damu ya kumwongezea, na upesi. Nikanyoosha mkono. Kijana wa maabara akanichoma, akapima, akaona kundi letu ni moja, akatabasamu ili kunipa moyo. Akasema, “Baba, wewe damu unayo ya kutosha kijiji kizima.”

Nilikaa kwenye lile benchi la hospitali, pale Mkomaindo, pamba imebandikwa mkononi, na maneno yake yakakataa kutoka kichwani. Mimi ninayo ya kutosha kijiji. Yeye hana ya kumtosha mwenyewe. Na tulikuwa tumekula chungu kimoja miaka yote ile. Chungu kimoja, sahani mbili. Najua utaniambia, kwa kuwa umesoma, kwamba mwanamke hupoteza damu kila mwezi na mimba humchota, na kwamba si nyama peke yake iliyoleta hali ile. Ni kweli, na muuguzi mmoja aliniambia hivyo hivyo nilipomuuliza. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kumpa firigisi yeye. Tulimpa mchuzi aliyekuwa akipungukiwa, tukampa nyama aliyekuwa na damu ya kutosha kijiji.

Muuguzi yule nilimsumbua siku kadhaa. Mama yako amelala anapata nafuu, mimi nauliza maswali. Nikasema, lakini kunde zina madini ya chuma, nimesoma. Akasema zinayo, tena si haba. Ila chuma cha kunde ni kigumu kufunguka, mwili hukipata kidogo tu na kukiacha kingine kipite. Cha nyama, cha maini, cha samaki, mwili hukipokea kwa urahisi. Kipande kidogo cha nyama au konzi ya dagaa ikiingia kwenye chungu cha kunde, hukisaidia hata kile chuma cha kunde kufunguka. Tunda lenye uchachu likiliwa pamoja nazo hufanya kazi hiyo pia. Na kuna vitamini moja ya kutengeneza damu ambayo kwenye maharage huipati kabisa, hata ule gunia. Kisha akaniuliza kama nyumbani tunakunywa chai na chakula. Nilikuwa na kikombe cha chai ya rangi mkononi wakati huo huo. Akakitazama, akasema chai hukifungia chuma mlango.

Unajua nilivyokuwa nikila kiporo cha mbaazi asubuhi. Kiporo, mihogo, na chai nyeusi kama lami, na mama yako hivyo hivyo, na wewe hivyo hivyo. Na tunda lenye uchachu! Tumezaliwa chini ya mikorosho. Msimu kama huu, ukitembea kutoka hapa hadi Newala unakanyaga mabibo. Tunaliokota bibo, tunalisokota korosho yake, tunalitupa lioze, na kama halikuoza ni kwa sababu limegeuzwa uraka wa kulewea. Wilaya nzima inatupa ufunguo na kubaki na kufuli. Nilikaa juu ya hazina ile miaka mingi nikiandika makala kuhusu kunde, nikinywa chai.

Utauliza, Baba, ulipotoka hospitali ulibadilika? Nilijaribu. Niliacha kipande cha nyama kwenye sahani nikairudisha jikoni, kipande kikarudi kesho yake kimepashwa moto, ni changu. Mama yako alisema Bibi anaona, atadhani sikupikii vizuri. Nikaagiza mayai ayale yeye, Bibi akasema mwanamke wa kuzaa hali mayai, mtoto atatoka hana nywele. Ningeweza kupigana. Nimepigana na watu kwa mambo madogo kuliko hilo. Lakini kubishana na baraza la kanisa ni rahisi. Ukimaliza unarudi nyumbani. Ukibishana jikoni kwako huna pa kurudi. Basi nikaridhika na nusu ya ushindi: maini yakinunuliwa, mama yako alipata, kimyakimya, na chai tukaisogeza mbele. Mila yenyewe sikuigusa. Firigisi imeendelea kuja kwangu hadi Jumapili iliyopita.

Na usifikiri nimehamia upande wa wale jamaa. Nenda Masasi jioni yoyote, pale penye moshi wa nyama choma, uwaone wanaume walivyoketi, mshikaki mkononi, chupa mezani, wanazungumza habari za maendeleo, na nyumbani kwao watoto wanakula ugali na kisamvu kisicho na hata karanga. Wale ndio wanaosema nyama ya maskini. Nyama wanaijua thamani yake vizuri sana, ndiyo maana wanailia mbali. Nilikuwa nawachukia kwa makala ndefu. Siku moja nikajiuliza tofauti yangu na yao ni nini, nikaona ni umbali tu. Wao hulia nyama yao mjini, mimi niliilia barazani kwangu.

Basi hiki ndicho ninachokijua baada ya mdahalo wote huu, na ni kifupi kiasi cha kunitia aibu. Maharage si sawa na nyama, na nyama si bora kuliko maharage. Kila kimoja kina jambo ambalo mwenzake hawezi. Anayekwambia ni sawa, mtazame sahani yake kwanza.

Huko uendako kunde zitakuwepo na mbaazi zitakuwepo, kula kwa moyo mweupe. Lakini nyama ikija, nawe una mtoto tumboni na damu ndogo, usisogeze kipande chako. Iwe kuku, iwe mbuzi, iwe dagaa, iwe samaki nchanga wetu aliyechimbwa shambani na kubanikwa, ambaye watu wa mikoa mingine hututania kwa ajili yake. Wacha watanie. Panya wa shamba ni nyama, na nyama ni damu, wala sijaona mtania watu aliyekuja kutoa yake hospitalini. Vidonge vya kliniki umeze pia, usije ukatumia barua ya baba yako kuvikwepa.

Mama Festo usimwogope. Yeye na wenzake walipokuja juzi tulitoka nje sisi wawili, mkadhani tunagombana. Nilimweleza habari ya damu yako. Akaniuliza kama nakumbuka nilivyomwita mvivu. Nikasema nakumbuka. Akasema mayai yatakuwepo na atakuambia kula, lakini hawezi kumfungua mtu mzima mdomo. Amesema kweli. Yeye atakukaribisha mara moja, mara mbili. Mkono ni wako.

Naitwa kula. Nitamalizia baadaye.

*

Nimerudi. Sahani zimeoshwa, ninyi wanawake mko uani mnacheka jambo ambalo nadhani ni mimi.

Hukujua nilichokusudia, nilikiona usoni mwako. Leo tulikaa wote ukumbini kwa kuwa ni siku yako, Bibi kwenye kiti chake, mama yako karibu na chungu. Sahani yangu ikaja kama kawaida, paja, na firigisi imelala juu yake kama kofia. Yako ikaja: mbaazi, mchuzi, na kibawa kimoja ambacho tayari ulikuwa unakitazama umpe Yohana. Nikainuka, nikaichukua sahani yako, nikakuwekea yangu.

Bibi akaweka tonge lake chini. Akasema, “Firigisi ni ya baba. Tangu lini?”

Nikasema, “Tangu leo, Mama.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa na hoja za kuanzia magharibi hadi alfajiri. Bibi akanitazama, akakutazama wewe, akalitazama tumbo lako kwa muda, kisha akanisogezea miguu ya kuku kutoka kwenye sahani yake, akasema basi na wewe onja tunachokula. Kumbe ilihitaji mtu kuinuka tu. Miaka yote ile nilikuwa nikisubiri nishinde mdahalo kwanza.

Nawe ulikaa umeinama. Nikaona mkono wako ukienda kwenye firigisi, nikajua unachotaka kufanya, maana nimekulea: ungeikata, nusu ya Bibi, nusu yangu, na wewe ulambe kidole. Kisu ulikwisha kukishika. Ukaniangalia. Sikusema kitu, na mama yako ni shahidi kwamba hilo halijawahi kutokea mezani pale.

Ukaweka kisu chini, ukaila yote. Uliila polepole, ukaitafuna vizuri, kisha ukala paja, ukavunja mfupa, ukaunyonya. Hukumgawia mtu. Kisha ukanyoosha mkono ukachukua na bibo kwenye ungo. Mimi nilikula mbaazi zako, zilikuwa tamu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilizila bila kumwambia mtu chochote kuhusu mbaazi.

Kule juu, mwanangu, kula hivyo hivyo.

Baba yako